Mpe Kijana Ndoano, Kisha Kaa Kando Yake

Wazee walituachia methali isemayo samaki mkunje angali mbichi. Tumeisikia shuleni, tumeisikia harusini na mikutanoni, na kila mzazi mwenye mtoto mkaidi amepata kukumbushwa nayo na jirani. Lakini ni wangapi kati yetu tuinenao methali hiyo tuliopata kumshika samaki tukamkunja kwa mikono yetu? Aijuaye kazi hiyo atakuambia kwamba samaki mbichi hakunjwi kwa nguvu. Hushikwa kwa vidole vyote, taratibu, huku mkono ukisikiliza jinsi mgongo unavyokubali. Ukimkunja kwa pupa, nyama hupasuka hata kama ametoka majini sasa hivi. Basi methali ile haisemi juu ya umri wa samaki tu. Inasema pia juu ya mkono wa yule anayekunja.

Leo napenda tuzungumze juu ya mkono huo, na tuzungumze kwa kuwatumia samaki wenyewe. Hoja yangu ni fupi. Kuvua na kufuga samaki kwaweza kumfundisha kijana mambo ambayo darasa humfundisha kwa shida, na kwaweza kumtuliza moyo pale anaposongwa na dunia. Hata hivyo, ndoano haimlei kijana. Anayemlea ni mtu mzima aliyekubali kukaa kando yake.

MAJI YATEREMKAYO ULUGURU

Kwa wale ambao hawajapata kufika Morogoro, nawaomba waione milima ya Uluguru kwa jicho la fikira. Huinuka ghafla nyuma ya mji, vilele vyake virefu kabisa vikipita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingi hujifunika ukungu kama bibi aliyejitanda khanga. Ukungu huo na mvua zake ndio mama wa mito mingi. Upande mmoja maji huteremka kuujaza Mto Ruvu. Nawe mkazi wa Dar es Salaam unapofungua bomba ili uinjike chai, yamkini unainjika maji yaliyopita Uluguru. Upande wa mjini huteremka Mto Morogoro, uendao kuungana na Ngerengere. Na chini ya milima, katika njia ya Ngerengere, liko Bwawa la Mindu, ambalo tangu miaka ya 1980 limekuwa likiupatia mji sehemu kubwa ya maji yake. Humo wamo perege na kambale, na penye samaki vijana hawakosi.

Nenda ukingoni mwa maji ya namna hiyo siku ya kazi, saa nne ya asubuhi, wakati kengele ya shule imekwisha kulia. Utakuta vijana wa namna mbili. Wa kwanza ametoroka. Mkoba wake wa madaftari umefichwa kichakani. Wa pili hakutoroka, ametumwa. Nyumbani wanangoja samaki atakaowauza ili unga upatikane. Kisha urudi mahali pale pale Jumamosi jioni, na ukibahatika utamkuta wa tatu, amekaa na babu yake. Wote watatu wana ndoano ile ile, chambo kile kile cha nyungunyungu, na ufito ule ule wa mwanzi. Mmoja anapoteza masomo, mmoja anachumishwa kabla ya wakati wake, na mmoja analelewa. Tofauti yao haimo katika ndoano.

KIMYA CHA MEZANI NA KIMYA CHA MAJINI

Nisidhaniwe kwamba nasema haya kwa kuyasoma vitabuni. Miaka michache iliyopita shemeji yangu alifariki dunia, akamwacha dada yangu mjini Morogoro na watoto watatu. Kwetu Waluguru ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba. Mjomba ndiye aitwaye shule inapolalamika, na ndiye aulizwaye na wazee kijana anapopotea. Mkubwa wa watoto hao alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili. Baada ya arobaini alinyamaza. Sisemi alihuzunika, maana huzuni tuliitarajia, nasema alinyamaza. Aliitikia salamu, akala, akalala. Mwezi wa pili tukapata habari kwamba haonekani darasani. Yuko stendi ya Msamvu akiwabebea abiria mizigo.

Ushauri haukukosekana. Wapo walioniambia kwamba kiboko kipo kwa kazi hiyo, na wapo walionishauri nimpeleke shule ya bweni iliyo mbali. Nilimwita mara mbili tukazungumza mezani, uso kwa uso, kama watu waliomo katika baraza la usuluhishi. Kila neno alilijibu kwa "Ndiyo, Mjomba," na kesho yake akaenda Msamvu.

Dada yangu alikuwa na jirani, mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye alijichimbia bwawa la samaki bondeni, chini ya miteremko ya milima. Mzee yule aliniambia, "Mlete kijana Jumapili, na wewe uje. Ila msije na maneno."

Tukaenda. "Shikamoo, babu," kijana akasema. "Marahaba, mjukuu wangu. Chukua ufito ule, nyungunyungu wamo katika kopo." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya Jumapili ya kwanza. Jumapili ya pili haikuwa na mengi kuliko hayo.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo ningependa kila mzazi alitafakari. Mezani mtu mzima na kijana hutazamana, na kijana aliyefiwa hana mahali pa kuweka macho yake. Kando ya maji wote wawili hutazama kiboya. Kimya cha mezani ni ugomvi usiosemwa. Kimya cha mvuvi ni adabu ya kazi, kwa kuwa mwenye kelele harudi na kitu. Kijana hujikuta amekaa saa mbili na mkubwa wake pasipo kushitakiwa. Tena mikono yake ina shughuli, nayo mikono ikiwa na shughuli moyo hupata nafasi ya kupumua.

Jumapili ya tatu mzee alikokota wavu mdogo ili awakague samaki wake. Akamtoa perege jike, akamfunua kinywa mbele ya kijana. Kinywani mlijaa mayai. Perege wengi wa kwetu ndivyo walivyo: jike huyakusanya mayai kinywani na kuyaatamia humo mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga wanapoanza kuogelea, hofu ikitokea huwapokea tena kinywani. Muda wote huo huwa karibu hali kitu.

"Hali kabisa?" kijana akauliza.

"Atakulaje, na kinywa kimejaa watoto?" Mzee akamrudisha samaki majini haraka, asije akayatema mayai yake.

Kijana alikaa kitambo akitazama pale samaki alipozama. Kisha akasema, bila ya kunigeukia, "Mjomba, mama naye siku hizi hali. Anasema ameshiba."

Ndugu msomaji, hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya hiari kwangu tangu siku ya msiba. Sikumhubiria. Tulizungumza mpaka jua likaenda nyuma ya milima, juu ya mama yake na juu ya marehemu baba yake. Kumbe kijana hakwenda Msamvu kwa uhuni. Kila jioni alikuwa akihesabu sahani, naye aliona kwamba sahani zimepungua moja.

Suala la chakula tulilishughulikia sisi wakubwa, kama ilivyotupasa, maana si haki mtoto wa kidato cha pili aachiwe hesabu ya namna hiyo. Naye alirudi shuleni. Sitakupamba kwa kukuambia kwamba alitokea kuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa katikati, na mpaka leo ni mtu wa maneno machache. Lakini alirudi, na alirudi kwa miguu yake mwenyewe.

DAFTARI LA BWAWA

Sehemu ya pili ya habari hii yahusu masomo. Mzee alimkabidhi kijana daftari la bwawa, akamwambia kwamba kuanzia siku ile yeye ndiye karani. Bwawa lilikuwa na urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Ukiweka vifaranga wawili kwa kila mita ya mraba, utahitaji vifaranga 300. Tuseme 50 wamekufa, na kila mmoja wa waliosalia amefikia robo kilo baada ya miezi sita hivi ya matunzo mema. Je, utavuna kilo ngapi? Kijana alipiga hesabu akapata kilo 62 na nusu. Darasani hesabu ya aina hiyo huishia katika alama ya vema. Bwawani husubiri mzani.

Mzani uliposema, ulisema kilo 41. Tena karibu nusu ya samaki wale walikuwa wadogo kama kiganja cha mtoto. Kulikoni? Hesabu haikuwa na kosa, na samaki hawakuibwa. Kijana aliliandika swali hilo, akalipeleka kwa mwalimu wake wa baiolojia. Mwenzangu, litazame jambo hilo vizuri: mtoro wa Msamvu amekwenda kwa mwalimu kwa hiari yake, na mkononi ana swali.

Jibu ni kwamba perege huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu. Bwawa dogo hujaa watoto na wajukuu, chakula cha 300 huliwa na maelfu, na wote hudumaa. Ndiyo sababu wafugaji wengine hufuga madume peke yao, na wengine huongeza kambale wachache, baada ya perege kuwa wakubwa kidogo, ili wale vifaranga wanaozidi. Katika swali moja la bwawa mlikuwamo uzazi, mlo, hesabu, na hata somo la uchumi wa nyumba.

Alijifunza pia kuyasoma maji. Huzamishwa mkono taratibu hadi kwenye kiwiko. Vidole vikionekana wazi, maji ni meupe mno, hayana vijimea ambavyo ndivyo chakula cha samaki, basi yaongezwe samadi. Vidole vikipotea kabla kifundo cha mkono hakijazama, rutuba imezidi, na alfajiri samaki watapanda juu kutafuta pumzi. Alijifunza kwamba perege hupenda maji ya joto, yaani nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi, na kwa hiyo bwawa la bondeni hukuza upesi kuliko bwawa la kule juu Mgeta penye baridi. Alijifunza kwamba udongo unaomomonyolewa milimani haupotei. Huja kulala katika mabwawa ya chini. Mambo hayo hayapigiwi kelele na mtu. Maji yenyewe huyasema, nayo maji hayapokei uongo wala haraka.

MABWAWA YALIYOKAUKA

Pengine utasema kwamba haya si mageni, na kwamba tulikwisha kuyajaribu. Kweli. Majaribio ya kufuga perege katika nchi yetu yalianza mwaka 1949 huko Korogwe, na baadaye Malya katika Mkoa wa Mwanza. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 yalikuwa yamechimbwa mabwawa yapatayo 8,000. Mwaka 1967 ikatangazwa Elimu ya Kujitegemea, na shule zikatakiwa ziwe na kazi za mikono: shamba, mifugo, na kila chenye manufaa. Lakini mabwawa mengi kati ya yale 8,000 yalikuwa madogo mno, na mengi yaliachwa yakaota majani. Ukame ulichangia, na uhaba wa maarifa ulichangia. Samaki waliwekwa, ila wa kukaa nao hakuwapo.

Tena tukubaliane juu ya jambo moja ambalo wengi waliosoma wanalikumbuka. Katika shule kadha wa kadha kazi ya mikono iligeuzwa kuwa adhabu. Aliyechelewa alichimba, aliyepiga kelele alibeba samadi. Mtoto aliyefundishwa kwamba jembe ni fimbo atalipendaje jembe? Wazee wa Uluguru wana historia yao katika jambo hili. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ya ngazi. Kuzuia mmomonyoko lilikuwa jambo jema, lakini lililetwa kwa amri na faini, na mwaka 1955 wananchi walilikataa kwa ghasia. Lililo jema likiletwa kwa kiboko hukataliwa pamoja na kiboko chenyewe. Mwalimu atakayechimba bwawa la shule na alikumbuke hilo, na funguo za bwawa awape wale wanaolipenda, hata kama si wenye alama za juu.

Maarifa siku hizi hayako mbali, hasa kwa watu wa Morogoro. Kingolwira kipo kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki, ambako vifaranga huzalishwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, hufundisha ufugaji wa samaki na kina mabwawa yake huko Magadu. Shule inayotaka kuanza haina haja ya kubahatisha.

Wala wazo la kumtuliza kijana kwa ndoano si letu peke yetu. Huko Uingereza, mwanzoni mwa karne hii, askari mmoja wa polisi wa eneo la Durham alianza kuwapeleka vijana waliokuwa karibu kuangukia katika uhalifu wakavue samaki, na mpango huo ukaenea katika sehemu nyingine za nchi ile. Askari yule angeweza kungoja awakamate. Aliona ni nafuu akae nao ukingoni.

TAHADHARI KABLA YA SAFARI

Sitakuwa mwungwana nikikusifia maji nikanyamazia hatari zake. Mtoto asiende majini peke yake, hata awe hodari wa kuogelea namna gani. Asiingie wala kusimama katika maji yaliyotulia, kwa kuwa humo hukaa konokono wenye kuambukiza kichocho. Avue akiwa nchi kavu. Katika mito na mabwawa yetu makubwa huweza kuwamo mamba, basi waulize wenyeji kwanza. Wenyeji huyajua maji yao.

Tuwafundishe na sheria pia. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza kuvua kwa sumu na kwa baruti, na imeweka utaratibu wa leseni kwa wavuvi. Wapo wanaoponda majani ya utupa na kuyatia mtoni, samaki wakubwa kwa wadogo wakaelea. Na wapo wanaokokota vyandarua vya mbu, wakabeba hata vifaranga wa juzi. Kijana aliyewahi kuliona jike lenye mayai kinywani hahitaji mgambo wa kumkataza. Amekwisha kuelewa ni nini kinachouawa.

Na la mwisho katika tahadhari: uvuvi usile saa za shule. Ukimwondoa mtoto darasani ili akuletee kitoweo, hapo hakuna malezi, ipo ajira tu isiyo na mshahara.

Najua mfanyakazi wa kiwandani, mwenye chumba kimoja na watoto wanne, ataniuliza bwawa atalitoa wapi. Hakuhitajiwi bwawa lako. Aliye Dar es Salaam ana pwani ya Kigamboni, aliye Mwanza ana ziwa, aliye Morogoro ana milima na mito yake. Huhitaji mashine wala mtaji. Kinachotakiwa ni mapumziko yako ya juma moja, yale yale ambayo huenda ungeyamalizia kijiweni au mbele ya simu, ukayatoa kwa kijana mmoja. Akiwa si mwanao, awe mpwa wako, au mtoto wa jirani aliyefiwa. Wako wengi mtaani kwako, nao wengi wamenyamaza.

Basi shime, wazazi wenzangu. Jumapili ijayo tafuteni ufito wa mwanzi, mshipi, ndoano mbili, kopo la nyungunyungu na chupa ya maji ya kunywa. Mchague mahali penye kivuli na pasipo hatari. Mkifika, mpe kijana kazi ya kutia chambo, kaa upande wake wa kulia au wa kushoto, wala usikae mbele yake. Na tafadhali, usianze wewe kusema.